Mkono wa Tatu

Nilikwenda Nyantakara kumchukua mdogo wangu, sikwenda kusikiliza muziki. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu Wiston, shemeji yangu, huwaeleza watu kwamba nilifunga safari kutoka Kibimba ili nikaonje mashine zake. Mwongo mkubwa. Mimi yule mwanaume sijampenda tangu alipomwoa Priscila, na mashine zake nilikuwa nimeapa sitazitia machoni.

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipoacha lami. Mayunga, dereva wa Probox niliyoikodi, alikuwa akiangalia anga kuliko barabara.

"Mama, huko tunalala?"

"Hatulali. Namchukua mtu, tunageuza."

"Basi umharakishe. Tutacherewa."

Haraka ilikuwepo. Kesho yake asubuhi tulikuwa na kuganduka.

Sisi ni Warundi wa Kibimba, wa zamani. Baba yetu, mzee Telesfori, alivuka mpaka akiwa kijana, akalima, akazeeka, akazikwa hapohapo. Kwetu msiba hauishi kaburini. Nyumba hukaa na msiba wake kwa miezi. Hakuna ngoma, hakuna wimbo, hata mtoto hubembelezwa kimyakimya. Halafu siku huchaguliwa, pombe ya mtama hupikwa, na watoto wote wa marehemu huzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, wakanywa pamoja. Ndiyo kuganduka. Msiba umefungwa, marehemu ameenda zake. Akikosekana mtoto mmoja, haujafungwa. Wazee husema marehemu hubaki karibu na huyo aliyekosekana, akimsubiri, mpaka aondoke naye.

Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo. Sina tabia ya kuamini kila kinachosemwa na wazee walioshika mirija. Lakini kila tulipompigia Priscila simu alitoa jibu lilelile.

"Siji. Baba yuko huku kwangu."

Kisha jirani yake, Scolastica, akanipigia mwenyewe. Akasema mdogo wangu anaisha. Hali chakula, hatoki, hasalimii watu, na ukimkuta amekaa huwezi kujua kama yu macho. "Dada," akasema, "kama unamtaka, mfuate sasa hivi."

Ndiyo maana nilikwenda.

Nyumba ya Wiston inajulikana kwa mbali kwa sababu ya sola. Paa zima limejaa sola, na chini yake jiko la mke wake linavuja. Choo hakina mlango, kuna gunia. Lakini chumba cha mashine kina dari, kina zulia, kina pazia zito la zambarau kama la kanisani wakati wa Kwaresima. Huyu bwana alikuwa mtunza stoo wa shirika fulani la wakimbizi. Mzungu mmoja alipofungasha virago akamwachia mashine ya santuri na kreti la santuri za zamani. Tangu siku hiyo Wiston haongei na binadamu, anawafundisha.

Alinipokea mlangoni amevaa glavu nyeupe.

"Karibu shemeji. Viatu tafadhali. Vumbi ni adui wa sindano."

"Priscila yuko wapi?"

"Anasikiliza."

Nikavua viatu. Hilo nalo linaniuma mpaka leo, kwamba nilimtii.

Ndani kulikuwa na mashine tatu, kila moja imekaa juu ya bamba la zege, eti nyumba isije ikaitikisa mtu akipita. Wiston akaanza mahubiri yake bila kuombwa. Hii ni ya rumba, mkono wake ni mfupi na mnyoofu, unapenda besi. Ile ni ya kwaya, mkono wake mrefu, umepinda kama shingo ya korongo. Na mwisho wa kila mkono kuna kichwa, kidude kidogo kama jino la mbuzi, ndicho kinachobeba sindano. Vichwa alikuwa navyo sahani nzima, amevipanga kwenye pamba. Kichwa hiki kinatoa sauti za wanawake vizuri. Kile kinatoa gitaa. Kile kingine ni cha santuri za kale tu, ukikiweka kwenye santuri mpya unaiua. Alikuwa na mizani ya kupimia uzito wa sindano, ndogo kuliko kiganja. Mke wake amekonda kiasi kile, na yeye anapima sindano.

"Nyie huko mnasikiliza simu," akaniambia kwa huruma. "Hamjawahi kusikia muziki."

Nilikuwa nimemwona Priscila.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mashine ya tatu, ile kubwa. Kichwa amekiinamisha upande mmoja, sikio juu. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Kitenge kilimzunguka mara nyingi mno.

"Priscila."

Nikasogea karibu.

"Priscila, mama. Ni mimi, Deodata."

"Shikamoo dada," akasema. Hakugeuka.

"Marahaba. Simama twende nyumbani."

"Baba hajamaliza."

Alisema polepole, kama mtu unayemkatiza katikati ya mazungumzo na wageni.

Wiston akatabasamu. Alikuwa na furaha ya mtu anayekaribia kuonyesha kitu chake. "Shemeji, huwezi kuondoka hujaisikia. Hii ni santuri ya mzee."

Niliijua habari ya ile santuri, lakini sikujua kwamba imepatikana. Baba ujanani alikuwa mpiga inanga, ule ubao wenye umbo la sinia, wenye nyuzi. Na aliimba kwa namna ya Burundi, ambayo si kuimba hasa. Ni kunong'ona. Nyuzi zinasema kwa sauti, mtu ananong'ona chini yake, na usiposogea karibu husikii neno. Wageni fulani walipita na mashine zao, wakamrekodi, wakaenda zao. Baba hakuwahi kuiona santuri yenyewe. Wiston aliitafuta miaka na miaka kwa watu wenye wazimu kama wake, nchi za mbali huko. Ikafika baba akiwa ameshazikwa. Msiba haujafungwa.

Naye akaipiga.

"Wakati wa msiba, Wiston? Kwenye nyumba ya mtoto wa marehemu?"

"Shemeji, kilichokatazwa ni ngoma. Santuri ni plastiki."

Huyo ndiye mwanaume aliyempata mdogo wangu.

Mashine ya tatu ilikuwa na mikono mitatu. Aliitengeneza mwenyewe, na alijivunia kuliko mtu aliyejenga daraja. Mikono mitatu imezunguka sahani moja, kila mmoja na kichwa chake. Akaipangusa santuri kwa brashi laini. Akashusha mkono wa kwanza.

Mchakacho mdogo... kama mafuta yakianza kupata moto.

Kisha nyuzi. Kisha baba.

Sitaficha. Moyo ulinipasuka. Ilikuwa sauti ya baba kabla hajawa baba, nyepesi, ina mzaha ndani yake, ikinong'ona habari za ng'ombe fulani aliyepotea. Nilitaka kulia, na nilichukia kulia mbele ya Wiston.

"Sasa subiri," akasema.

Akashusha mkono wa pili, nyuma kidogo ya wa kwanza. Sasa wakawa baba wawili. Mmoja ananong'ona, mwingine anamfuata nyuma akirudia, kama watu wawili wanaopita njia moja usiku.

"Hii huipati popote," Wiston akasema. "Kila mkono una tabia yake. Na sasa wa tatu."

Mkono wa tatu hakuuweka kwenye nyimbo. Aliuweka katikati kabisa, karibu na karatasi ya santuri, pale palipo laini. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba pale hapana mistari.

"Hapo pana nini?"

"Kwa kichwa cha kawaida hapana kitu."

Kichwa chake kilikuwa cheusi, cha zamani, kimefungwa na uzi. Kilipogusa ile sehemu laini, nyuzi za inanga zikanyamaza. Baba wawili wakanyamaza. Mikono yote mitatu ilikuwa chini, santuri inazunguka, na chumba kizima kikawa kimya.

Ndipo nikasikia harufu. Udongo. Udongo mbichi wa chini, ule unaotoka shimo likishakuwa refu.

Kisha mnong'ono.

"Deodata..."

Kwetu mzazi akikuita husemi "naam", wala husemi "nini". Unasema Karame. Unaacha ulichoshika, unakwenda alipo. Tulifundishwa kwa fimbo tukiwa wadogo mpaka neno lile likawa linatoka lenyewe kabla hujafikiri. Nilihisi ulimi wangu ukinyanyuka. Nikauuma. Nikauuma mpaka nikasikia chumvi ya damu.

"Umesikia?" Wiston alikuwa amefumba macho kwa raha. "Umesikia huo mnong'ono ulivyo karibu? Unasikia hadi mate. Hicho ndicho kichwa, shemeji."

"Ameniita jina."

"Ndiyo."

"Santuri imerekodiwa mimi sijazaliwa. Jina langu linatafuta nini humo?"

"Majina hurithiwa," akasema, kama anayemweleza mtoto. "Lazima kulikuwa na Deodata mwingine."

Nimekutana na wajinga wengi maishani. Nimewauzia mbegu, wakarudi kulalamika kwamba hazikuota, kumbe walizila. Lakini mjinga anayesikia maiti akinong'ona na kusifia sindano, huyo nilikuwa sijamwona.

"Priscila..."

"Karame," mdogo wangu akaitika.

Akasimama. Akaenda kwenye mashine mikono imetangulia, akalaza paji la uso kwenye mbao, karibu kabisa na ile santuri inayozunguka. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika.

"Hufanya hivyo kila siku," Wiston akaninong'oneza. "Ana sikio zuri, huyu. Sikutegemea."

"Priscila..."

Safari hii niliutazama mdomo wake. Haukufunguka. Lakini mishale kwenye kikuza sauti iliruka, na kutoka kwenye spika, pamoja na ule mchakacho wa mafuta, ikatoka sauti yake yeye. Sauti ya mdogo wangu. Kutoka kwenye santuri.

"Karame."

Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa anaisha: kila alipoitika, santuri ilimchukua kidogo.

Nililiendea lile rundo la nyaya ukutani, nikang'oa zote. Taa zikazima. Spika zikakata. Mwanga uliobaki ulikuwa wa mlangoni tu, ule wa mwisho wa jioni.

Sahani iliendelea kuzunguka.

Haikupunguza mwendo. Na mnong'ono ukaendelea, sasa bila spika, mdogo sana, ukitoka kwenye sindano yenyewe. Ilibidi mtu ainame ili asikie. Na sote tulikuwa tumeanza kuinama.

Nikaunyooshea mkono ule mkono wa tatu. Wiston akanidaka kifundo cha mkono. Ana nguvu yule mtu, nguvu za kubebea magunia ya msaada.

"Usiguse. Utaivunja sindano."

"Mkeo anakufa hapa."

"Acha ifike mwisho. Ukiunyanyua ghafla unakwaruza."

"Wiston. Mtazame mkeo."

Hakumtazama. Alikuwa anaitazama sindano. Mungu anisamehe, wakati ule nilimdharau kuliko nilivyomwogopa yule anayenong'ona.

Kisha likatoka jina lingine.

"Wiston..."

Mkono wake ukaniachia. Uso wake, katika ule mwanga mdogo, ukafunguka kama wa mtoto aliyepewa zawadi mbele za watu.

"Umesikia? Shemeji, umesikia? Mzee ameniita."

"Usiitike."

"Ameniita mimi."

"Wiston, nakuomba. Usiitike."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwomba kitu. Hakunisikia. Akavua glavu, moja baada ya nyingine, akaziweka vizuri juu ya meza. Akainamisha sikio mpaka likakaribia kugusa santuri.

"Karame," akasema. Alilitamka vibaya, maana yeye si wa kwetu. Lakini alilitamka kwa moyo wote.

Nikamfunika Priscila kitenge changu kichwani, nikayabana masikio yake kwa nje, nikamvuta. Alikuwa mwepesi kama mtoto wa shule. Mlangoni niligeuka mara moja tu. Wiston alikuwa palepale, ameinama, naona mgongo wake wote. Alikuwa anaitika. Karame. Karame. Na kila alipoitika sauti yake ilitoka mbali zaidi, kama ya mtu anayekwenda zake bondeni, ilhali mgongo wake ulikuwa mbele yangu.

Viatu vyangu niliviacha. Mayunga alituona. Akapandisha vioo vyote na kuwasha gari.

Njia nzima Priscila alilala mapajani kwangu. Tulipofika Kibimba akaomba uji, akanywa, akaomba tena. Nikasema moyoni kwamba nimeshinda. Nilijisikia mkubwa, sikatai.

Asubuhi chungu kikawekwa uani. Tukakizunguka watoto wote watatu, mimi, Fideli na Priscila, na wazee nyuma yetu. Mjomba Bizimana, mdogo wa mama, akasema maneno yake. Tukanywa. Priscila alivuta mrija wake kwa nguvu mpaka pombe ikampalia, akakohoa, akacheka. Ni miezi sikuwa nimemsikia akicheka. Damu ilikuwa imeanza kumrudi usoni. Mjomba akatangaza kwamba msiba umefungwa, mzee aende kwa amani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ngoma ikapigwa nyumbani kwetu. Wanawake wakapiga vigelegele. Nililia kwa raha, sasa kwa kuwa Wiston hakuwepo kuniona.

Simu ya Scolastica ikaingia ngoma zikiwa zimekolea. Nikasogea pembeni.

"Mumewe yupo," akasema. "Mzima. Amekaa na mashine zake. Lakini sauti hana, dada. Ananong'ona tu. Nilimuuliza anaumwa nini, akaanza kunieleza mambo ya uzito wa sindano. Kwa mnong'ono. Anasema mashine imezidi kuwa nzuri."

Nikacheka. Kwa kweli nilicheka. Nikarudi kwenye chungu, nikakaa kati ya Fideli na Priscila, nikaanza kumsimulia kaka yangu mambo yote tangu mwanzo, na glavu, na mizani, na jinsi yule mpumbavu alivyofurahi mzee alipomwita.

Fideli aliutoa mrija mdomoni.

"Rudia hapo. Mzee alimwita nani?"

"Wiston."

"Kwa jina?"

"Kwa jina. Nimesikia kwa masikio yangu."

Kaka yangu aliusogeza mrija wake pembeni, akausogeza tena.

"Dada, wewe ulikuwa umeolewa, hukukaa na baba miaka ya mwisho. Mimi nilikaa naye. Siku ya mahari Wiston alimwacha baba amesimama juani, yeye anahangaika na santuri zake zisiungue. Baba akaapa kwamba jina lile halitapita mdomoni mwake, hai au maiti. Alikuwa akimwita 'yule'. Hata alipokuwa anakata roho, akiusia kuhusu Priscila, alisema, 'mwambieni yule amtunze'."

"Labda alimsamehe huko aliko."

"Baba?" Fideli akasema.

Tulikuwa tunamjua baba. Aliwahi kukaa na neno moyoni miaka ishirini kwa ajili ya jembe.

"Basi aliyekuwa akiita ni nani?" nikauliza.

Ngoma zilikuwa zinapigwa, watu wanacheza, mjomba Bizimana ameshika kibuyu juu. Tulikuwa tumemfungia baba msiba wake, baba ambaye huenda alikuwa ameshaenda zake tangu siku ya kwanza. Yule wa kule Nyantakara hatukumfungia chochote. Hatukujua hata tumwiteje. Na mdogo wangu alikuwa amemwitikia kila siku kwa miezi.

Nikageuka kumtazama Priscila.

Alikuwa ameacha kucheka. Kichwa amekiinamisha upande mmoja, sikio limeelekea migombani. Nilimshika mkono, nikamwita jina. Nilimwita kwa sauti, nikamwita tena.

Hakunigeukia, wala sikusikia mtu mwingine akimwita.

"Karame," akasema, kwa adabu.

Akaulaza mrija wake ukingoni mwa chungu. Akausukuma mkono wangu taratibu, akasimama, akaanza kwenda. Nilidaka kitenge chake kwa mikono yote miwili. Akakifungua kiunoni, akakiacha mikononi mwangu, akaingia migombani.